Kimya cha Kiogoro

Kama daktari amekukataza kutamka hata neno moja, nawe umezaliwa Ekerenyo katika ukoo wa watu wasiojua kunyamaza, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sitakueleza habari za vijidudu. Hizo utaelezwa hospitalini, na utatoka bila kuelewa, kama nilivyotoka mimi. Nitakueleza yale ambayo mimi sikupata wa kunieleza: namna ya kungoja, namna ya kuwavumilia wanaokupenda, na jinsi mimi, binti wa mzee wa kanisa la Kisabato, nilivyokwenda kupumzisha koo langu katika nyumba ya Wabudha.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, yule anayeajiriwa na wazazi, na katika kwaya nilikuwa sauti ya kwanza. Tena si sauti ya kwanza hivi hivi. Mimi ndiye niliyeanzisha wimbo. Uzuri wa kutajwa sikuwa nao, na shuleni hesabu zilinishinda, lakini nikifungua kinywa watu walikuwa wanageuza shingo. Nilijivuna kwa hilo, na sioni haja ya kuficha.

Basi mwisho wa mwaka mmoja, wakati nafaka ya wimbi imeanikwa uani, sauti ikaanza kukwaruza. Nikanywa maji ya limau. Nikanywa asali. Shangazi Bosibori akaniletea majani fulani machungu ambayo hata ng'ombe wetu aliyakataa. Krismasi nikaimba kwa kujikaza, na kufikia wakati wa kupanda mahindi nilikuwa siwezi kuita mtoto aliye mlangoni pa darasa. Kumeza mate kukawa kama kumeza mchanga. Sketi zikaanza kunizunguka kiunoni, na asubuhi shuka ilikuwa inaamka imelowa jasho.

Hospitali moja mjini Kisii ndiko walikonichungulia koo kwa kioo kidogo chenye mpini. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi watu wa chai ya mchana wakaja na kuondoka. Ukitaka kujua binadamu, kaa benchi la hospitali. Kuna wanaoruka foleni kwa kujifanya wanauliza choo kiko wapi. Kuna mama aliyenigawia nusu ya ndizi yake bila kuniuliza jina, na hata leo sijui jina lake. Daktari wa koo, mtu mfupi mwenye mikono baridi, aliniambia ni kifua kikuu, ila chenyewe kimeamua kukaa kwenye koo. Kitatibika, akasema. Sauti ndiyo hakuahidi.

"Ukitaka sauti yako irudi," akaniambia, "usiseme. Na usinong'one, maana kunong'ona ni kubaya zaidi. Ukiendelea kuongea ukiwa na vidonda hivi, utapona mwili na sauti itakwenda moja kwa moja."

Nikamjibu, "Sawa, daktari."

Akanitazama vibaya. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Sindano zikaanza pamoja na mvua za masika. Kila asubuhi nilitelemka kwa matope hadi zahanati, ambako Sista Kemunto alinidunga tako la kulia leo na la kushoto kesho, hata ikawa kanisani nakaa kwa upande mmoja. Vidonge viligeuza mkojo wangu ukawa rangi ya chungwa, na siku niliyolia nikaona hata machozi yameacha rangi kwenye leso. Mtu asikutishe kwa hayo. Ni dawa inafanya kazi yake.

Nyumbani, Shangazi Bosibori alinitengea kikombe na sahani, akaviweka mbali na vingine. Mama aliona. Jioni hiyo, watu wote wakiwa wameketi, alichukua kile kikombe changu, akamimina chai, akainywa yote polepole huku anamtazama shangazi. Sista alikuwa ameshamhakikishia kwamba baada ya wiki kadhaa za sindano siwezi kumwambukiza mtu, lakini nadhani angekunywa hata kama hakuambiwa. Nilimpenda mama siku ile kuliko siku zote.

Shida ilikuwa wageni. Kwetu mtu akiugua, watu huja kumwona, na hiyo ni heshima kubwa. Lakini mgonjwa naye ana kazi yake: kila mgeni akishakaa, sharti umsimulie ugonjwa wako tangu mwanzo. Akija mwingine, unaanza upya. Si habari ya kusimuliwa na mtu mwingine. Mama akijaribu kunisemea, wageni walimsikiliza kwa adabu, kisha wakanigeukia.

"Haya Kwamboka, sasa hebu tuambie wewe mwenyewe. Ilianzaje?"

Nikionyesha koo kwa kidole, wanasikitika. "Pole, pole sana. Basi tuambie polepole." Bibi yangu mzaa baba, asiyejua kusoma, alipoletewa karatasi niliyomwandikia aliigeuza pande zote akaisokota, akawashia moto jikoni. Na salamu je? Mzee akikuambia "Bwakire" njiani nawe usimwitikie, ni kama umemtemea mate. Kwa hiyo nilikuwa naitikia. Nilikuwa nanong'ona. Niliposhindwa nilikohoa kwanza, kisha nikanong'ona. Nilipopimwa tena, mwili ulikuwa umeanza kupata nafuu, ila vidonda vya koo vilikuwa vilevile. Daktari akaweka kioo chake chini.

"Mwalimu," akasema, "unaongea."

Nilitikisa kichwa kukana. Akanipa muda hadi mwisho wa Julai. Nilipotoka hapo nilimlilia Sista Kemunto kwa ishara za mikono, na yeye ndiye aliyepata wazo.

Kulikuwa na mhandisi mmoja kutoka Sri Lanka katika kiwanda kimoja cha majani chai, na mkewe, Mama Nalini, alikuwa akija zahanati kupimwa presha. Walikuwa Wabudha. Mama Nalini alikuwa amekodi nyumba Kiogoro, karibu na mji, mali ya Wahindi wenye duka la vitambaa, na alitaka kuwakusanya vijana wakae kimya kwa wiki moja na zaidi. Vijana tu, waliovuka thelathini hakuwataka, alisema wana maneno mengi. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya migomo, na vijana walikuwa wamejaa majumbani bila kazi.

"Hapo ndipo mahali pekee katika wilaya hizi mbili, Kisii na Nyamira," Sista alimwambia mama, "ambapo hakuna mtu atakayemsemesha mtoto wako."

Baba aliposikia aliruka. Baba yangu, tuliyemwita Tata kama watoto wote wa kwetu, alikuwa na sauti ya kuhubiri bila kipaza sauti na kusikika ng'ambo ya mto. Alizunguka sebule nzima akiuliza maswali ambayo mimi, kwa bahati nzuri, sikuruhusiwa kuyajibu. Wanamwomba nani? Wanapiga magoti mbele ya sanamu? Na Sabato je? Waumini watasemaje, binti wa mzee wa kanisa kwenda kukaa na wapagani?

Mama alimwacha amalize. "Wewe unataka sauti yake au unataka maneno ya waumini?" akamuuliza.

Tata akatoka nje kwenda kuangalia migomba. Migomba ilikuwa haina tatizo lolote. Aliporudi alisema, "Aende. Lakini asiiname."

Sikuinama, na hakuna aliyeniambia niiname. Sanamu ilikuwepo, ndogo, imekaa juu ya kabati la vyombo na ua la bustani mbele yake, na nilizoea kuiona kama unavyozoea saa ya ukutani. Tulikuwa vijana kumi na kitu: wanafunzi wa chuo, mwalimu mwenzangu kutoka Nyaramba, na Hansa, binti wa wenye nyumba. Mama Nalini alitukalisha sakafuni juu ya mikeka, akatueleza masharti kwa Kiswahili alichojifunza kwa wachuma chai.

"Hapa hakuna kuongea. Hakuna kuandika. Hakuna kuangaliana-angaliana. Unakaa, unasikia pumzi yako, basi. Akili ikienda sokoni, usipige yeye. Rudisha tu pole pole."

Kisha akagonga kengele ya shaba, na mdomo wa kila mtu ukafungwa.

Sikiliza, usidhani nilipata amani. Siku za mwanzo nilitaka kutoroka. Magoti yaliwaka, mgongo ukageuka ubao, na akili yangu haikwenda sokoni tu, ilifungua duka huko. Niliwagombeza watu wote wa maisha yangu. Nilimgombeza shangazi na majani yake, nikamgombeza yule soprano wa pili, mwenzangu wa sauti ya kwanza, aliyeanza kuanzisha nyimbo zangu huku anavuta noti kama anavuta mbuzi. Na katikati ya ugomvi huo ndipo nikagundua jambo: koo langu lilikuwa linafanya kazi. Mdomo umefungwa, lakini huku ndani misuli inakaza na kulegea, inakaza na kulegea, kwa kila neno ninalowaza. Nilikuwa nimenyamaza kwa nje tu. Miezi yote ile koo langu halikuwa limepumzika hata kidogo.

Hakuna daktari aliyenifundisha hilo. Nililisikia mwenyewe, nimekaa mkekani, mvua inanyesha juu ya mabati. Kuanzia hapo nilipata kazi ya kufanya. Neno likija, nasikia koo linavyokaza, nalilegeza, narudi kwenye pumzi. Likija lingine, hivyo hivyo. Pumzi yenyewe ilikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayeburuta gunia sakafuni. Nikawa nausikiliza mkwaruzo ule bila kuuchukia.

Wenzangu hawakula chochote baada ya saa sita mchana, ndiyo desturi ya Wabudha. Mimi, kwa sababu ya dawa, Mama Nalini aliniletea uji wa wimbi kila jioni, kwenye kikombe kikubwa alichofunika kwa sahani usipoe. Aliuweka karibu na mguu wangu akaondoka bila kunitazama. Wale wanachuo wenye njaa walikuwa wanausikia ukinukia, na ninaamini huo ndio ulikuwa mtihani wao mkubwa kuliko yote. Nikawa nalala usingizi mzima. Shuka ikawa inaamka kavu.

Tulipokaribia kumaliza, likatokea balaa, na lilitoka kwetu.

Mjomba Nyangau, kaka yake mama, alikwenda Kiogoro kutafuta ndama wa kununua, akaona apitie kunijulia hali. Aliwakuta wenzangu nje. Jua lilikuwa limetoka, na Mama Nalini alikuwa amewaketisha kwenye nyasi, pekupeku, macho chini. Mimi nilikuwa ndani kumeza vidonge. Mjomba akasimama langoni, akasalimu. Kimya. Akasalimu tena kwa Kiswahili, kwamba labda hawamwelewi. Kimya. Akauliza, "Kwamboka yuko wapi?" Hakuna aliyeinua uso. Na Hansa, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa amefikia siku yake ya machozi, kwani kila mmoja wetu alikuwa na siku yake, alikuwa analia taratibu, machozi yanamdondokea mapajani.

Sasa, kwetu habari ya kifo haitolewi ovyo langoni. Mtu wa karibu akifika, watu hunyamaza, wanatazama chini, wanangoja mkubwa aje aseme. Mjomba alijua kusoma kimya cha namna hiyo. Alikuwa amekisoma mara nyingi maishani mwake. Hakungoja kuambiwa. Akageuka, akaacha habari za ndama, akaenda mbio hadi Ekerenyo.

"Wanaficha," aliwaambia nyumbani. "Wanamngoja baba yake. Watu wamekaa chini, hakuna viatu, hakuna anayeitikia. Hata Mhindi analia!"

Hilo la Mhindi ndilo lililomaliza ubishi.

Kesho yake asubuhi tulikuwa mikekani niliposikia kilio kutoka barabarani. Kilio cha kwetu hukikosei: kinaanza juu kabisa kisha kinaporomoka. Nikawaza, maskini, nani amefiwa? Halafu nikasikia jina langu.

"Yaaye! Kwamboka wangu! Yaaye!"

Niliinuka nikakimbilia mlangoni. Pikapu iliyokodiwa ilikuwa imeingia uani, na nyuma yake walijaa mama, shangazi, bibi, wanawake wa kwaya na wazee wawili wa kanisa waliovaa makoti. Tata alikuwa mbele na dereva. Walikuwa wamekuja kuchukua maiti yangu.

Nilisimama pale kwenye ngazi, mzima, na neno likapanda. Nililisikia likipanda. "Mama, niko hapa!" Koo lote lilikaza, kifua kikajaa, na nilikuwa nimeshika sauti yangu kama mtu aliyeshika yai mkononi. Mama alikuwa analia! Mtoto gani anamwacha mama yake alie hivyo, na neno moja lingemnyamazisha? Lakini nilikuwa nimejifunza kazi moja tu katika nyumba ile, nikaifanya. Nikalegeza koo. Nikatelemka ngazi badala ya kusema, nikakimbia kwenye nyasi pekupeku, nikamkumbatia kwa nguvu hata kitambaa chake kikaanguka.

Mama alinyamaza ghafla. Akanishika mashavu, mikono, masikio. Shangazi Bosibori yeye aliendelea kulia kwa muda, maana alikuwa ameshaanza na si mtu wa kukatisha kitu njiani.

Tata akashuka. Hofu yake ilikuwa imegeuka hasira, kama inavyowatokea wanaume wengi.

"Kwamboka," akasema. "Mko wazima humu? Wamekufanya nini?"

Nikamtazama.

"Kwamboka! Baba yako anakuita. Itika."

Wazee wa kanisa walikuwa wanatazama. Wanakwaya walikuwa wanatazama. Nilitikisa kichwa, machozi yananitoka, na sikuitika.

"Basi ingia kwenye gari," akasema. "Tumemaliza hapa."

Mama Nalini alikuwa ametoka, amejifunga sari yake ya kazi. "Mzee," akamwambia, "hapa hakuna maiti. Hapa tunakaa kimya tu."

"Kimya ya nini?"

Akafikiri kidogo. "Ya bure, mzee. Lakini chai iko."

Tata alifungua kinywa kumjibu, ndipo mama akainua mkono. "Nyamaza wewe kwanza," akamwambia mumewe, mbele ya wazee wa kanisa. "Nataka kumsikia mtoto."

Akaweka sikio lake kwenye koo langu. Alikaa hivyo kwa muda. Mimi nilivuta pumzi na kuitoa, nikavuta tena. Watu wote uani walinyamaza, hata dereva akazima injini.

"Halikwaruzi," mama akasema. "Baba Kwamboka, njoo usikilize. Ule mkwaruzo haupo."

Tata akavua kofia. Akainama, mtu mzima yule, akaweka sikio lake kubwa chini ya kidevu changu, na nilisikia ndevu zake zikinichoma. Aliposimama, macho yake yalikuwa mekundu. Hakusema chochote, na kwa Tata hilo ni tukio. Alikwenda akaketi kwenye nyasi, na wazee wakamfuata, na wanawake wote waliokuja kunilia wakaketi pia. Mama Nalini akagonga kengele. Msafara mzima wa msiba kutoka Ekerenyo ulikaa kimya Kiogoro mpaka chai ikaiva, na nasikia hadi leo wengine wao wanasema hawajawahi kupumzika vile. Kabla ya kuondoka shangazi alinipa leso mpya aliyokuwa ameinunua kwa ajili ya kunifunikia.

"Sasa utavaa tu," akasema.

Siku kimya kilipofunguliwa, Hansa alinirukia. "Wewe! Mimi nilifikiri unaringa!" Mwanachuo mmoja akadakia, "Aki siste, ule uji wako ulikuwa unaniua!" Walicheka na kupayuka hadi jioni. Mimi nilicheka bila sauti, nikapanda gari nyumbani, na nilipofika wageni walinikuta nimeketi na pumzi yangu. Wakiuliza ilianzaje, Tata mwenyewe alisimama mlangoni akasema, "Huyu yuko kimya. Kaeni naye au mwende." Wengi walikaa.

Mwisho wa Julai, majani chai yakiwa yamepungua mashambani kwa baridi, nilirudi kwenye benchi lile. Daktari akaingiza kioo chake, akakigeuza, akachungulia tena.

"Safi," akasema. "Imefunga. Sasa sema aaa."

Niliogopa kuliko siku nilipoambiwa ninaumwa. Nikavuta pumzi, nikalegeza koo, nikafungua. Kikatoka kitu kinene, cha chini, kama mtu anayeita kutoka ndani ya mtungi. Niligeuka nyuma kuona nani amesema. Mama, aliyekuwa ameketi pembeni, alijiziba mdomo, kisha tukacheka sote watatu, mimi kwa sauti ile ngeni kabisa ya kiume. Sauti ya kwanza ilikuwa imekwenda. Niliilia, sitakudanganya. Niliilia kwa siku kadhaa, na nililia kwa sauti, jambo lililokuwa na raha yake.

Vidonge viliendelea hadi mwisho wa mwaka. Lakini Agosti ilileta makambi ya kanisa, ile mikutano ya hemani, na mwalimu wa kwaya akaniita mazoezini. Alinipigia noti zangu za zamani, sikuzifikia. Akashuka. Akashuka tena. Wasichana walianza kunicheka. Alipofika chini kule ambako wanaume huanzia, nikaishika noti, nikaikalia, na vicheko vikakoma.

"Nenda kasimame sauti ya tatu," akasema.

Hivyo Sabato ya makambi nilisimama mstari wa wanaume, gauni jeupe katikati ya suruali nyeusi, mbele ya umati uliotoka kila upande wa Nyamira. Soprano wa pili akaanzisha, akavuta mbuzi wake. Kisha zamu yetu ikafika, nami nikaachia. Ilitoka pana na tulivu, ikapita wale tenori wa kushoto na kulia, ikaenda hadi nyuma ya hema. Nikaona shingo zinageuka. Mhubiri mgeni, aliyeketi jukwaani karibu na Tata, akamwinamia akamuuliza kitu huku anawachunguza wanaume mmoja mmoja.

Tata hakujua kunong'ona, na hata pale hakujaribu. "Si mwanamume huyo," akasema, hema zima likasikia. "Ni binti yangu."

Nami nikavuta pumzi, nikaingia ubeti wa pili.